Jezi za Kichinjio: Mbuzi Asiye na Mhuri

"Mama Naserian, huyo mbuzi wenu wa jana alichinjwa na nani?"

Ndivyo jirani yangu Fosiya alivyoniuliza Jumapili ile ya mwaka wa elfu mbili na mbili, nikitoka kanisani na Biblia kwapani. Hata salamu hakunipa. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake la nguo, mkono mmoja kiunoni, macho makavu.

Uliyekuwa nami juma lililopita unajua nilikuwa nimefanya nini. Jumamosi alasiri, mbele ya wachezaji wote, nilimfungua Aweys kitambaa cha unahodha mkononi. Nilimwita msaliti. Kisha nikamfunga Nick, mtoto wa shemeji yangu Lesiamon, kitambaa kile kile, na vijana wakapiga makofi.

Uliyefika leo, sikia kwa ufupi.

Timu yetu ni Kichinjio Eleven ya Kitengela. Marehemu mume wangu, Katoo, aliianzisha mwaka wa tisini na mbili na watu wa kichinjio: wachuna ngozi, wabeba nyama, madalali wa mbuzi. Akachagua jezi nyekundu, maana vijana walitoka kazini moja kwa moja hadi uwanjani, na damu kwenye nyekundu haionekani. Haionekani kwa anayetazama. Kwa anayefua, huonekana. Na mfuaji ni mimi.

Mwaka wa tisini na tano kipa wetu aliuza mechi. Tangu hapo Katoo akaweka desturi. Kabla ya jambo kubwa, timu nzima inakula mbuzi mmoja aliyetoka kichinjioni kwetu. Ukila, umejifunga kwa wenzako. Ukikataa, uko na jambo moyoni.

Sasa baada ya miaka kumi ya ligi ya wilaya, tulikuwa tumepanda ligi ya mkoa. Na hapo tajiri mmoja wa machimbo ya mawe, upande wa Athi River, akaanza kuzungukazunguka na gari lake. Alikuwa na timu, hakuwa na nafasi ya ligi. Alitaka yetu. Achukue nafasi, afute jina, timu ya Katoo iwe kama haikuzaliwa.

Tukasikia kwamba mtu wa ndani amekubali kutuuza. Ndiyo maana tulikula mbuzi Jumamosi.

Wote walikula. Aweys peke yake alipokea sahani, akaitazama, akaiweka chini. Akasema ameshiba.

Kijana ashibe mbele ya mbavu za mbuzi! Nani amewahi kuona?

"Nakuuliza, jirani," Fosiya akarudia. "Alichinjwa na nani?"

"Si Dirie? Miaka yote mbuzi wetu huchinjwa na Dirie."

"Dirie yuko Moyale tangu Jumatano. Amefuata ng'ombe."

Nikaihamisha Biblia kwapa la pili.

"Basi Lesiamon alimleta," nikasema. "Alileta nyama ikiwa imekatwa tayari. Mimi nilipika tu."

"Nyama ilikuwa na mhuri?"

"Fosiya, kwani wewe ni bwana afya? Mbuzi ni mbuzi."

"Kwako mbuzi ni mbuzi." Akanikaribia, akashusha sauti. "Kwa Aweys, mbuzi asiyechinjwa kwa jina la Mungu ni mzoga. Huyo kijana amekaa chumba changu cha nyuma miaka saba. Jana alirudi hapa na njaa, akala mikate sita ya canjeera na chai, akalia kama mtoto. Ati ameshiba!"

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema aje? Sufuria ni yako. Mwiko ni wako. Asimame mbele ya vijana wote akwambie, mama, chakula chako ni haramu? Sisi tulimlea na adabu. Pengine tulikosea."

Akaingia dukani. Akaniacha pale juani na kofia yangu ya Ushirika wa Akina Mama.

Sikuenda nyumbani kupika. Nilienda kichinjioni.

Njiani nilikumbuka kitu, na kikanichoma. Ile nyama, nilipoiosha Jumamosi, ilikuwa nyeusi. Damu ilikuwa bado ndani yake. Mke wa mtu wa kichinjio, miaka yote hiyo, ninajua nyama iliyotoa damu inavyokaa. Macho yangu yaliona. Mdomo wangu ukasema, "Lazima ni mbuzi mzee huyu," nikaongeza kitunguu.

Kaveke nilimkuta bandani kwake, anapaka ngozi chumvi. Kaveke ni Mkamba wa maneno mengi, na ngozi zote za mji huu hupita mikononi mwake.

"Mama wa timu! Umekuja kutafuta straika? Mimi goti limeisha."

"Nimekuja kuona ngozi. Mbuzi wa Lesiamon wa jana."

Mzaha ukamwisha usoni. Akatazama mlango.

"Hiyo ngozi imefanya nini?"

"Nionyeshe, Kaveke."

Akatoa ngozi moja ya kahawia yenye baka jeupe, akaitandaza miguuni pangu. Akapitisha kidole shingoni, polepole.

"Tazama mwenyewe. Hapa kisu hakikupita. Huyu alizibwa pua na mdomo mpaka akatulia. Kimaasai. Si vibaya, ni mambo yenu ya porini. Lakini porini, si hapa mjini, hatua mia kutoka kichinjio."

"Labda kichinjio kilikuwa kimefungwa."

"Jana? Abdiaziz, mpwa wa Dirie, alishinda hapo mlangoni ananoa kisu na hakuna mteja. Tulicheza naye drafti mpaka saa nane. Amenifunga mara nne, huyo mtoto."

"Lesiamon alimwona?"

"Alipita mbele yetu akivuta mbuzi kwa kamba! Nikamwita: Ole, lete huyo, Abdiaziz atakumalizia. Akasema hapana, huyu ni wa mambo ya nyumbani. Akaenda naye kule kwa miiba."

Basi halikuwa kosa.

Nilitamani liwe kosa. Mungu ananijua. Kutoka bandani mpaka kwa Lesiamon niliomba njiani, kwamba nimkute na sababu yoyote, hata ya kijinga, nimsamehe.

Huyu Lesiamon ni mdogo wake Katoo, tumbo moja. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Ndiye katibu wa timu tangu mwanzo. Nilipofiwa, mwaka wa tisini na nane, ndiye aliyekuja kila asubuhi wiki tatu kunikamulia ng'ombe.

Alikuwa uani, juu ya kigoda, anakunywa chai. Nick alikuwa kando yake na shati la Jumapili limepigwa pasi. Juu ya shati alikuwa amefunga kitambaa cha unahodha. Siku isiyo na mechi!

"Takwenya, mke wa kaka."

"Iko," nikaitikia salamu yake.

"Nick, mpe yeyo kiti," akasema, yaani mama.

"Sitaki kiti. Kwa nini hukumpeleka mbuzi kwa Abdiaziz?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akapangusa mdomo.

"Umechelewa kuuliza kwa siku moja," akasema.

"Ulijua Aweys hatakula."

"Nilijua."

"Ulijua nitamshika yeye."

"Nani asiyejua? Wewe unaona kila kitu, shemeji. Doa la chai kwa jezi unaliona. Nilitaka nikupe kitu cha kuona."

Nick akainua kichwa. "Baba, si ulisema nyama ilikuwa ya kichinjio?"

"Wewe nyamaza."

Nikamgeukia tena Lesiamon.

"Kwa nini Aweys? Amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Alikuwa na kitambaa tu." Akasimama, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Hakunipa. Alinionyesha kwa mbali, kama mtu anayemwonyesha mbwa mfupa. "Unakumbuka daftari la kaka? Timu haiuzwi, haihamishwi, haibadilishwi jina, mpaka wawili kati ya watatu wakubali. Nani hao watatu?"

Nilijua. Maandishi ni ya Katoo, na mimi ndiye niliyeshika taa akiandika. Katibu. Nahodha. Mwenye jezi.

"Wewe hungekubali," Lesiamon akasema. "Aweys nilimjaribu mwezi wa tatu. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mavi. Kwa hivyo nilihitaji nahodha mwingine. Na kulingana na daftari, ni nani peke yake anayeweza kumfungua nahodha kitambaa?"

Msomaji, ungenikata wakati huo nisingetoa damu.

Ni mwenye jezi. Ni mimi.

Ile timu mume wangu aliifunga kwa kamba tatu ili mtu mmoja asiweze kuiiba. Na mimi nilikuwa nimeikata moja kwa mkono wangu, mchana, watu wakipiga makofi.

"Nick," nikasema. "Ulitia sahihi?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Jana jioni, yeyo. Baba aliniambia ni fomu ya jezi mpya."

"Ni fomu ya jezi mpya kweli," Lesiamon akasema. "Jezi za buluu za tajiri. Kesho asubuhi saa mbili naipeleka ofisi ya ligi Kajiado. Mimi meneja, Nick nahodha. Kaka aliniachia nini mimi? Ng'ombe walikwisha na ukame. Wewe uliachiwa timu, watu wakikuona wanasema mama, mama. Mimi niliachiwa kalamu. Miaka kumi naandika barua za timu ya marehemu!"

"Ulikula ule mbuzi, Lesiamon. Nilikupa kidari kwa mkono wangu. Ulikula mpaka mafuta yakafika kiwiko. Huogopi kiapo?"

Hapo akacheka. Kicheko hicho nakisikia hata leo nikiwa nafua.

"Kiapo gani? Kiapo cha kaka ni mbuzi wa kichinjioni. Yule hakupita kichinjioni. Hakuna aliyeapa jana, shemeji. Tulikula nyama tu."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya yule aliyekula mezani huku ameshapatana na maadui. Nilikuwa nikijiuliza, wenzake walikosaje kumjua? Siku hiyo nilielewa. Walikuwa wanamtazama yule asiyekula.

Lakini mimi si mtu wa kulia kwa watu. Nikafikiri.

"Karatasi haijapokelewa mpaka kesho," nikasema. "Na ofisi itauliza nahodha ni nani. Kadi za ligi za wachezaji wote ziko kwangu, ndani ya mkebe. Nikimfunga Aweys kitambaa leo, akasimama kesho pale na kadi yake, na mimi kando yake, ni wawili kati ya watatu. Sahihi ya Nick ni ya mtu asiye na cheo."

Nikanyoosha mkono. "Nick. Kitambaa."

Nick akamtazama babake.

"Mpe," Lesiamon akasema, bado anatabasamu. "Mpe, ni kitambaa tu. Ulimfukuza yule Msomali kama mbwa aliyeiba maini. Unafikiri atarudi kukushika mkono? Watu wake wana kiburi kuliko sisi. Nenda ujaribu. Mimi nitakuja kutazama."

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nilikuwa na mbuzi mmoja wa kiume, mnene, niliyemweka kwa ajili ya siku ya mavuno kanisani. Mchungaji alikuwa ameshamtangaza. Nikamfungua kamba, nikasema, Baba, huyu ulikuwa wako. Nitakulipa mwingine. Leo nina deni karibu zaidi.

Nikamvuta mwenyewe mpaka kichinjioni. Abdiaziz akamgeuza kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akamchinja mbele ya macho yangu. Nikasubiri damu ikatoka yote. Nikasubiri bwana afya akapima, akagonga mhuri wake wa buluu kwenye paja na mbavuni. Nikamwambia Kaveke apite akawaite vijana wote waliokuwapo jana, asibaki hata mmoja. Kosa nilifanya mbele ya watu. Kutubu faraghani kungekuwa wizi mwingine.

Fosiya akaja na sufuria yake mwenyewe. "Hii haijawahi kugusa mambo yako," akasema, lakini alikuja, na alikatakata vitunguu bila kuombwa.

"Atakuja?" nikamwuliza.

"Nimemwambia aje. Begi lake liko mlangoni, Mama Naserian. Limefungwa."

Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado usoni mwa watu, vijana walikuwa wamejaa uani kwangu. Wamekaa kwenye matofali, kwenye ndoo zilizopinduliwa, chini ya kamba nilikoanika jezi. Hakuna aliyetania. Hata Katumo kipa wetu wa pili, ambaye hutania mazishini, alikuwa kimya.

Lesiamon alikuja kama alivyosema. Alisimama langoni na rungu lake, anatazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Aweys aliingia wa mwisho. Kanzu safi, ndevu zimechanwa. Akakaa kwenye tofali la mbali. Hakunitazama.

Nikasimama katikati.

"Vijana, jana nilisema uongo hapa. Sikujua ni uongo, lakini ulitoka kinywani mwangu. Mbuzi wa jana hakuchinjwa. Alizibwa pumzi makusudi, ili huyu ashindwe kula, ili mimi nimvue kitambaa. Aliyefanya hivyo amesimama langoni, na kesho anapeleka timu yenu Kajiado ikafutwe jina."

Wakageuka wote. Lesiamon akainua rungu kidogo, kama anayesalimia.

"Huyo atakuwa na siku yake," nikasema. "Leo ni yangu."

Nikachukua sahani ya kwanza. Ubavu wenye mhuri nilikuwa nimeuacha bila kuukata, wino wa buluu unaonekana wazi. Kando ya sahani nikaweka kadi yake ya ligi. Kitambaa nilikuwa nimekifua na kukikausha kwa pasi. Nikaenda mpaka kwenye tofali lake. Nikapiga magoti.

Nikasikia vijana wakivuta pumzi. Mwanamke wa umri wangu kwetu hapigi magoti mbele ya kijana. Soipan, mke wa kocha, akaanza kulia.

"Mama, simama," Aweys akasema.

"Sisimami. Nimekukosea, mwanangu. Kula, ufunge kitambaa. Kesho saa kumi na moja alfajiri tupande gari mimi na wewe, tusimame pale ofisini wawili. Bila wewe, Kichinjio imekufa."

Akachukua kitambaa. Akakishika. Niliona vidole vyake vikikigeuzageuza, nikasema moyoni, asante Yesu.

"Mama, umenifulia jezi miaka saba," akasema. Alisema polepole, kila mtu akasikia. "Ramadhani ulikuwa unaniletea uji saa ya kufuturu, na mimi nikijua siyo dini yako. Nakuuliza kitu kimoja. Jana, kama ningekwambia, nyama hii imenyongwa, siwezi kula, ungeniamini?"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye jezi.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Ningelisema, angekula, kesho tungekuwa Kajiado, na timu ya Katoo ingeishi. Nililisikia limekuja mpaka kwenye ulimi.

Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimepokea meza ya Bwana. Na huyu kijana alikuwa ameshadanganywa vya kutosha na nyumba yetu.

"Hapana," nikasema. "Nick angeniambia, ningemwamini. Lesiamon angeniambia, ningemwamini. Wewe, ningesema unajitetea."

"Kwa sababu gani?"

"Unaijua sababu, mwanangu. Mimi ndiye sikuijua mpaka leo."

Fosiya, kule kwenye sufuria, akaacha kukoroga.

Aweys akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuja nalo. Akakikunja kitambaa mara mbili, vile vile ninavyokikunja mimi nikikitoa kwenye kamba. Akakiweka juu ya sahani, juu ya nyama yenye mhuri, mpaka mafuta yakaanza kukiingia.

Kisha akachukua ile kadi ya ligi.

Akaitazama picha yake, ya miaka saba iliyopita. Akaitia mfuko wa kanzu. Langoni Lesiamon alikuwa ameacha kutabasamu, maana yeye kama mimi alijua kwamba kadi hiyo ina njia mbili tu: Kajiado kusimama nami, au kwa tajiri wa mawe kuchezea timu yake, na hakuna kati yetu aliyejua ipi.

Aweys akainama chini ya kamba, jezi yake mwenyewe namba nane ikamgusa bega na kumwachia maji. Akampita Lesiamon langoni. Akaenda.